Safu Mbili za Beti Moja

Ukurasa uliogawanywa safu mbili unaweza kusomwa kwa njia mbili zinazopingana. Katika gazeti, msomaji huteremka na safu ya kwanza hadi chini, ndipo apande juu kuianza ya pili. Katika shairi la Kiswahili lililopangwa kijadi hufanya kinyume: husoma kipande cha kwanza, akavuka uwazi ulio katikati, akamaliza kipande cha pili, na hapo ndipo ashuke mstari. Umbo machoni ni lile lile. Kinachotofautiana ni mwendo wa jicho, na mwendo huo haukuandikwa popote pale ukurasani. Umo katika mazoea ya msomaji, na mazoea hayarithiwi pamoja na karatasi.

Safu za gazeti zina sababu yake. Mstari ukiwa mrefu kupita kiasi, jicho likifika mwisho hupata taabu kurudi na kuupata mwanzo wa mstari unaofuata. Ukiwa mfupi, jicho hurudi bila kupotea. Biblia iliyochapwa na Johannes Gutenberg mjini Mainz, yapata mwaka 1455, ilipangwa kwa safu mbili, na kurasa zake nyingi zina mistari 42 katika kila safu. Karne kumi na moja hivi kabla yake, waandishi wa Codex Sinaiticus, mswada wa Biblia ya Kigiriki wa karne ya 4 ambao sehemu yake kubwa imehifadhiwa London, walipanga safu nne katika kila ukurasa. Lakini walipovifikia vitabu vya kishairi, Zaburi ikiwa mojawapo, waliacha safu nne wakaandika mbili. Waandishi hao walijua kuwa nathari hukatwa popote pale nafasi inapokwisha, ilhali mstari wa ushairi una upana wake ambao mwandishi hana ruhusa ya kuupunguza.

Waarabu nao waliliona jambo hilo kwa namna yao. Ubeti wa shairi lao huitwa bayt, yaani nyumba, na una nusu mbili zinazokabiliana ukurasani, moja kulia na moja kushoto. Kila nusu huitwa misra, na neno hilo hilo ndilo jina la ubao mmoja wa mlango wenye mbao mbili. Anayeusoma ubeti huo huwa kama aliyesimama mbele ya mlango: hawezi kusema ameufunga kwa kuurudisha ubao mmoja tu.

Kiswahili kililichukua neno bayt likawa beti, kikalipanulia maana. Beti yetu si mstari mmoja wenye nusu mbili, bali ni kundi la mishororo, aghalabu minne. Hata hivyo, mlango haukung’olewa. Mshororo wa shairi lililozoeleka una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao, na kila kipande kina kina chake. Vina vya kati hujibizana kutoka juu hadi chini, na vina vya mwisho vivyo hivyo. Lakini maana haiendi juu na chini, huenda kwa kuvuka. Ajuaye milango ya kuchongwa ya Lamu na Unguja anaujua mfaa, ule mti uliosimama katikati, ambao umepigiliwa kwenye ubao mmoja na ubao wa pili huja kuuegemea. Kituo kidogo kilicho kati ya ukwapi na utao ndicho mfaa wa mshororo. Kinatenganisha, lakini kazi yake ni kukutanisha.

Katika miswada mingi ya tendi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, beti nzima yenye vipande vinne huandikwa kwenye mstari mmoja unaovuka ukurasa kutoka kulia kwenda kushoto, na alama ndogo hutenga kipande na kipande. Mwandishi mwenye mkono mzuri huvipanga vipande vya beti mbalimbali vikaelekeana, hata ukurasa ukaonekana una safu nne. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utenzi wake mwaka 1858, hakuhitaji kumfundisha kuwa safu hizo hazisomwi kwa kuteremka. Binti aliukuta utenzi masikioni kabla ya kuukuta machoni, na karatasi ilikuwa mtumishi wa sauti. Hati za Kirumi zilipoingia, upande wa kuanzia uligeuka, na wahariri wengi waliiandika upya beti ya utenzi ikawa mistari minne mifupi iteremkayo. Shairi la mizani 16 halikuvunjwa hivyo. Lilibaki na mshororo wake mrefu, na aghalabu pale penye mfaa pakatiwa alama ya mkato. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambayo mmisionari William Taylor aliyakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na ambayo William Hichens aliyatoa kitabuni mwaka 1940, yalipita katika mikono hiyo yote: ya mghani, ya mwandishi wa hati za Kiarabu, ya mhariri wa Kizungu na ya mpiga chapa. Kila mkono ulibadili sura ya ukurasa, lakini mpangilio wa kusoma ulibaki kwa kuwa kila mkono ulimjua aliyetangulia, au walau ulimuuliza.

Skrini haikumuuliza mtu.

Ukurasa wa intaneti, chini ya mapambo yake, ni uzi mmoja wa maandishi unaotoka mwanzo hadi mwisho. Safu ni mpango wa juu tu. Ndani, neno moja hutangulia jingine na hakuna ubavuni. Miaka ya 1990 watengeneza kurasa walipata safu kwa kutumia majedwali, kisha wakakatazwa kwa hoja kwamba jedwali ni la takwimu, si la mapambo. Yakaja mabano yanayofungua na kufunga nusu ya ukurasa, na vijiprogramu vya ziada, viitwavyo programu-jalizi, vinavyopachikwa kwenye mifumo ya uchapishaji ili asiyejua lugha za kompyuta naye apange makala zake safu mbili au tatu. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ilipotoa kihariri chake kipya Desemba 2018, ilikipa jina la yule mpiga chapa wa Mainz, na safu zikawa kifaa cha kawaida kilichomo humo humo.

Vifaa hivi vingi hufanya kazi kwa namna moja. Mwandishi hupewa masanduku mawili yaliyo ubavu kwa ubavu. Anachoweka katika sanduku la kwanza huandikwa chote katika ule uzi, kisha hufuata cha sanduku la pili. Skrini ikiwa pana, masanduku husimama pamoja. Ikiwa nyembamba, kama ya simu ya kiganjani, sanduku la pili huteremshwa chini ya la kwanza. Hilo si kosa la mtambo. Ni adabu iliyokusudiwa, nayo ilipata nguvu tangu Ethan Marcotte alipoandika mwaka 2010 kuhusu kurasa zinazojinyoosha na kujikunja kufuata skrini ya msomaji. Kwa habari za gazeti, au kwa picha yenye maelezo pembeni, mpango huo unafaa sana. Umejengwa juu ya dhana kwamba safu husomwa kwa kuteremka, nao haujui kuwa duniani kuna safu za kuvuka.

Beti ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mfano tu, ili madhara yaonekane:

Mlango una mbaoze, zakutana kwa mfaa,
Ubao siupoteze, mwenziwe hautafaa,
Fundi asikupumbaze, mmoja akautwaa,
Beti nawe itukuze, ni nyumba tunamokaa.

Mtu akitia kila ukwapi katika sanduku la kushoto na kila utao katika la kulia, kwenye kompyuta ya mezani atapata ukurasa wa kupendeza kuliko ule wenye alama za mkato. Kwenye simu, msomaji atapata hivi:

Mlango una mbaoze
Ubao siupoteze
Fundi asikupumbaze
Beti nawe itukuze

zakutana kwa mfaa
mwenziwe hautafaa
mmoja akautwaa
ni nyumba tunamokaa

Ubaya wa jambo hili ni kwamba halionekani kuwa baya. Lau herufi zingegeuka vumbi, mtu angelalamika papo hapo. Hapa mizani imetimia, nane kwa nane. Vina vimelingana tena vizuri kuliko awali, kwa kuwa sasa kila mstari unaishia kwa kina cha mwenzake. Msomaji aliyezoea tendi ataona mistari minne mifupi yenye mizani 8 na ataridhika. Hata maana inajitengeneza yenyewe: baada ya “mwenziwe hautafaa” inakuja “mmoja akautwaa”, kana kwamba mtu fulani amekichukua kisichofaa. Aliyeonywa asipumbazwe na fundi haambiwi tena fundi atafanya nini. Aliyeambiwa asiupoteze ubao haambiwi kwa nini. Maonyo yote yamekusanywa upande mmoja na sababu zote upande mwingine, na beti inakwenda ikisema jambo ambalo mtunzi hakulisema.

Kuna mwanamke mmoja wa Birmingham, mwenye asili ya Unguja, aliyeachiwa na baba yake daftari la mashairi. Daftari lenyewe ni la shule, la mistari, na jalada lake lilikwisha rangi kabla ya kuvuka bahari. Marehemu alikuwa ameandika kwa hati za Kirumi, kila mshororo katika mistari miwili ya daftari iliyogawanywa kwa wima na risasi nyekundu. Binti alilifungua daftari baada ya arobaini ya mzee, akaazimia kuyatia mashairi hayo mahali ambapo ukoo wote ungeyaona: walioko Unguja na Mombasa, walioko Maskati na Dubai, na wajukuu wa Toronto wanaokielewa Kiswahili lakini hawakiandiki. Alitaka ukurasa ufanane na daftari. Akatafuta programu-jalizi ya safu mbili, akaipata bila malipo, na kwa miezi kadhaa, kila akitoka kazini, alichapa shairi moja au mawili. Kwenye kompyuta yake yalisimama barabara, na ule mstari mwekundu aliupata pia.

Aliowapelekea walisoma kwenye simu. Wakamshukuru, wakamwombea marehemu dua, vijana wakamwambia mashairi ya babu ni mafupi na matamu. Hapakuwa na aliyehoji neno. Ndipo ami yake wa Maskati, mdogo wa marehemu, aliyewekewa ukurasa huo na mjukuu, akapiga simu.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto?” Kisha, baada ya salamu kutimia: “Haya mashairi kayaandika nani?”

“Ya baba, ami. Ya kwenye daftari.”

“Maneno ya baba yako nayajua. Shairi silo.”

Akamghania moja lililoko katika ukurasa huo, kwa sauti iliyokuwa ikikatika kwa uzee, bila daftari mbele yake. Binti aliyafuatisha maneno kwa kidole kwenye karatasi, yakavuka mstari mwekundu, yakarudi, yakavuka. Kisha akachukua simu nyingine na kuufungua ukurasa wake mwenyewe, jambo ambalo kwa miezi yote ile hakuwahi kulifanya.

Kisa hicho kinaweza kuchukuliwa kuwa cha uzembe mdogo, nacho sivyo. Mwanamke huyo alikuwa mwaminifu kwa daftari kuliko wahariri wengi waliomtangulia. Alilinda hata rangi ya mstari. Alichokosa ni kile ambacho daftari halikuwa nacho: agizo la kuvuka. Baba hakuliandika kwa kuwa hakumdhania msomaji asiyelijua, na kifaa hakikuliuliza kwa kuwa hakikumdhania mwandishi anayelihitaji. Kati ya kimya cha mmoja na kimya cha mwingine, mashairi yakapasuka mfaani, na katika wasomaji wote alibaki mzee mmoja aliyeweza kusikia mpasuko.

Dawa yenyewe ni nyepesi, na hilo linatia uchungu zaidi. Kinachotakiwa ni kuugawa ukurasa kwa mishororo kabla ya kuugawa kwa safu. Kila mshororo uwe chumba chake, na ndani ya chumba hicho uwekwe ukwapi kisha utao. Hapo uzi wa maandishi unafuata uzi wa maana. Skrini ikiwa pana, vipande hukaa pamoja na mfaa ukaonekana. Ikibanwa, utao huteremka chini ya ukwapi wake mwenyewe, ukasogezwa ndani kidogo, na msomaji anapata mistari minane mifupi ambayo vina vyake vinapishana. Mpango wa gridi ulioingia katika vivinjari vikuu mwaka 2017 unaliweza jambo hilo bila taabu. Hata lile jedwali la miaka ya 1990 linaliweza, maana jedwali huandikwa safu mlalo baada ya safu mlalo. Kifaa kilichotupwa kwa kuwa si cha mapambo kilikuwa, kwa shairi letu, kiaminifu kuliko vilivyokirithi.

Wapo watakaosema kwamba safu zenyewe ni anasa. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Iandikwe mishororo kwa mfuatano, mkato utiwe katikati, na mambo yaishe. Hoja hii ina uzito. Mkato umelibeba shairi magazetini na vitabuni kwa miongo mingi, na hakuna skrini iwezayo kuuhamisha. Lakini mshororo wenye herufi thelathini na kitu, au arobaini, mara nyingi hauenei kwenye simu, na skrini huukata popote ilipochoka: neno moja la utao likabaki juu na mengine yakashuka. Kwa hiyo hata asiyetaka safu hana budi kuamua mshororo wake ukatwe wapi. Asipoamua yeye, ataamuliwa.

Wapo pia wasomaji wasio na macho ya kuvuka. Asiyeona husomewa na programu inayoitamka skrini, nayo hufuata ule uzi wa ndani, si sura ya juu. Kwake yeye shairi lililotiwa katika masanduku mawili limevunjika hata kwenye kompyuta pana, hata pale jamaa zake wote wanapoliona zima. Mashine zinazokusanya maandishi ya Kiswahili kwa ajili ya kamusi, tafiti za mizani na mifumo ya lugha husoma vivyo hivyo. Mtafiti atakayehesabu vina katika mkusanyo kama huo atakuta ushairi usio na vina vya kati, tena kwa wingi, na huenda akaandika kwamba watunzi wa ughaibuni wameiacha arudhi ya wazee wao. Atakuwa amepima masanduku akidhani anapima watunzi.

Hasara hii inawaangukia zaidi wanaoishi mbali na pwani, maana wao ndio wenye madaftari na wao ndio wenye haraka ya kuyaokoa. Katika mji ambamo mashairi bado yanaghanwa, ukurasa ukikosea sikio linausahihisha. Penye ukurasa peke yake, ukurasa ndio shairi. Mtoto wa Toronto aliyeyasoma mashairi ya babu yake kwa mara ya kwanza kwenye simu hakuona kosa. Aliona namna babu yake alivyokuwa akitunga. Kama angependa kumwiga, angetunga hivyo hivyo, na kwake hilo lingekuwa kuishika mila.

Mwanamke wa Birmingham ameanza kuyapanga upya, mshororo kwa mshororo. Kazi ni ndefu kuliko ilivyokuwa mara ya kwanza, kwa sababu sasa hachapi tu. Kila Jumapili humpigia ami yake, naye humghania beti kadhaa kabla hajachoka. Mara mbili tatu mzee ameghani neno lisilokuwamo daftarini, na binti ameliandika pembeni bila kujua ni lipi alilolitaka baba. Mashairi ambayo ami hayajui bado yako vile vile, kushoto maonyo na kulia sababu, na kwa hayo hana wa kumpigia.